Sinema ya Italia ilipoanza kusema: filamu moja ya 1932 na mambo tunayoyachanganya

Filamu za miaka ya 1930 sasa zinapatikana kwa urahisi, na kila zinapozungumzwa za Italia, ubishi ni uleule. Mmoja atasema zile ni filamu bubu zilizotiwa sauti baadaye. Mwingine atasema hakuna filamu ya enzi ya Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, isiyokuwa propaganda. Wa tatu, ambaye amesoma kidogo, ataleta msemo wa "simu nyeupe", jina la mzaha la vichekesho vya watu wenye nafasi, na kuubandika kwenye kila kitu kilichotengenezwa kabla ya vita. Kuna atakayemalizia kwamba yote hayo hayana maana, kwa sababu sinema ya kweli ya Italia ilianza 1945. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila amekiweka mahali pasipo pake.

Kuliko kujibu hoja moja moja hewani, tuchukue filamu moja tukae nayo. Inaitwa Gli uomini, che mascalzoni..., yaani kama "Wanaume, walaghai gani hawa!". Iliongozwa na Mario Camerini mwaka 1932, na mwigizaji wake mkuu ni kijana Vittorio De Sica, miaka mingi kabla hajawa yule mwongozaji ambaye wapenzi wa sinema wanamtaja kwa heshima. Ni hadithi ndogo ya mapenzi ya fundi magari na muuza duka, na imebeba karibu kila kitu kinachobishaniwa.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo kamba inapojifunga.

Filamu bubu ni filamu ambayo mkanda wake hauna sauti. Haina maana kwamba ukumbini palikuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, penye fedha palikuwa na okestra nzima, na mazungumzo yaliandikwa kwenye kadi zilizoonyeshwa katikati ya picha. Filamu ya sauti ni ile ambayo muziki, milio au maneno yamerekodiwa na yanakwenda sambamba na picha kwa mashine. Filamu ya mazungumzo ni aina moja tu ya filamu ya sauti: ile ambayo watu wanaonekana wakisema na unawasikia. Tofauti kati ya hizi mbili za mwisho inasahaulika sana, na ndiyo inayoleta zogo. Kati ya 1927 na 1931 zilitoka filamu nyingi zenye muziki na milio iliyorekodiwa lakini hakuna anayezungumza, au anazungumza dakika chache kisha kadi za maandishi zinarudi. Hata The Jazz Singer ya Marekani, ambayo kila mtu huitaja kuwa mwanzo wa yote, ilitoka Oktoba 1927 ikiwa kwa sehemu kubwa filamu bubu yenye nyimbo na maneno machache. Filamu ya kwanza ya Marekani iliyozungumza mwanzo hadi mwisho, Lights of New York, ilifuata mwaka 1928.

Kwa hiyo anayesema "zile ni bubu zilizotiwa sauti" hakosei kabisa. Camerini mwenyewe alipiga Rotaie mwaka 1929 ikiwa bubu, ikatolewa tena 1931 ikiwa na sauti. Lakini filamu yetu ya 1932 si ya kundi hilo. Ilizaliwa ikisema.

Ilisemaje? Mwanzoni kulikuwa na njia mbili zilizoshindana. Ya kwanza ilikuwa santuri: sahani kubwa ya kurekodia inazungushwa pembeni ya projekta, na fundi anaanzisha vyote viwili kwa pamoja. Ya pili ilikuwa kuiandika sauti kwenye mkanda wenyewe, katika mstari mwembamba kando ya picha. Mwanga unapita kwenye mstari ule, mwanga unageuka umeme, umeme unageuka sauti kwenye spika. Unajua ile hali ya video ya simu inayokwama kidogo, mdomo unatangulia na maneno yanafuata nyuma? Santuri ilikuwa na ugonjwa huo. Mkanda ukikatika na kuungwa tena kwa kupunguza fremu chache, yaani zile picha moja moja za mkanda, picha inakimbia mbele na santuri haijui. Mstari wa kwenye mkanda haukuwa na tatizo hilo, kwani ukikata picha unakata na sauti yake. Ndiyo maana njia ya pili ilishinda, na miaka michache baadaye santuri ziliachwa.

Sauti pia ndiyo iliyolazimisha dunia nzima kukubaliana juu ya mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Zamani za bubu mwendo ulikuwa wa kubahatisha. Mara nyingi fremu 16 hadi 20 na zaidi kidogo, kutegemea mkono wa mpiga picha na haraka ya mwenye ukumbi. Macho hayajali sana mwendo ukibadilika kidogo, lakini sikio linajali: sauti ikienda kasi inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Na hapa tunapata jibu la swali ambalo watu huliuliza wakicheka, kwamba kwa nini watu wa zamani walitembea mbiombio vile. Hawakutembea mbiombio. Mkanda uliopigwa kwa mwendo wa chini unachezwa kwenye mashine ya fremu 24.

Gharama ya mabadiliko haya ilikuwa kubwa, na Italia iliyapokea ikiwa mgonjwa. Hili lisirukwe, maana kuna wanaodhani sinema ya Italia ilikuwa changa wakati huo. La. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia ilikuwa miongoni mwa sinema kubwa duniani. Cabiria ya mwaka 1914, iliyotengenezwa Torino na Giovanni Pastrone, ilikuwa na majengo na umati ambao hata Wamarekani waliutolea macho. Baada ya vita mambo yalianguka. Filamu za Marekani na Ujerumani zilijaza kumbi, kampuni za nyumbani zikafa moja baada ya nyingine, na mwishoni mwa miaka ya 1920 nchi iliyokuwa ikitoa mamia ya filamu ilikuwa inatoa chache tu kwa mwaka.

Aliyejaribu kuinua mzigo huo alikuwa mfanyabiashara Stefano Pittaluga. Alishika kumbi, usambazaji na studio za kampuni ya zamani ya Cines huko Roma, akazifungia mitambo ya sauti. Ieleweke vizuri: hizi ni studio za Cines. Cinecittà, ule mji wa sinema unaotajwa kila pahali, ulifunguliwa Aprili 1937. Kila anayesema filamu ya 1930 au 1932 ilipigwa Cinecittà ametangulia kwa miaka mitano au saba.

Oktoba 1930, huko Roma, ilionyeshwa La canzone dell'amore ya mwongozaji Gennaro Righelli. Hii ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya mazungumzo ya Italia. Hapa napo pana ubishi, kwa sababu Alessandro Blasetti alikuwa ameshapiga Resurrectio mapema mwaka huohuo. Ila Resurrectio ilifika kwa watazamaji mwaka 1931. Kwa hiyo jibu linategemea unahesabu siku ya kupigwa au siku ya kuonyeshwa, na wengi wanahesabu ya kuonyeshwa. Kinachonichekesha katika La canzone dell'amore ni asili yake. Imetokana na hadithi fupi ya mwandishi Luigi Pirandello iitwayo In silenzio, yaani "Kimyakimya", na Pirandello mwenyewe alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla akiitilia shaka filamu ya kuzungumza.

La canzone dell'amore haikutengenezwa kwa Kiitaliano peke yake. Palikuwa na toleo la Kifaransa na toleo la Kijerumani, kila moja na waigizaji wake. Leo hili linaonekana kama kufuja fedha, lakini tatizo walilokuwa nalo lilikuwa la kweli, na ndilo kiini cha enzi yote hii.

Filamu bubu haikuwa na lugha. Ukitaka kuipeleka Brazili, unabadilisha kadi za maandishi, basi. Siku mwigizaji alipofungua kinywa, soko la dunia likagawanyika kwa mipaka ya lugha. Kampuni ya Paramount ilifungua studio kule Joinville, karibu na Paris, ambako hadithi moja ilipigwa mara nyingi mfululizo kwa lugha tofauti, kwenye mapambo yaleyale. Waigizaji wa Kihispania wakitoka, wa Kiswidi wanaingia. Camerini alikwenda huko, akaongoza toleo la Kiitaliano la filamu moja ya Marekani lililoitwa La riva dei bruti. Huenda hakupata sifa kwa kazi ile, ila aliishi ndani ya kiwanda cha sauti kabla ya kurudi nyumbani.

Italia yenyewe ilichukua hatua kali. Tangu Oktoba 1930 serikali ilikataa kutoa kibali kwa filamu yenye mazungumzo ya lugha ya kigeni. Matokeo ya kwanza yalikuwa kioja. Filamu za Marekani zilizojaa maneno zilikatwa sauti za watu, zikabakizwa muziki na milio, na mazungumzo yakageuzwa tena kadi za maandishi. Mtazamaji aliyelipa kuona maajabu ya filamu inayosema alijikuta anasoma kuliko alivyosoma enzi ya bubu. Na si wote walioweza kusoma: kwa sensa ya 1931, karibu Mwitaliano mmoja kati ya watano hakujua kusoma na kuandika.

Hapo ndipo uingizaji wa sauti (dabingi), yaani kuweka sauti za Waitaliano badala ya sauti za waigizaji wa kigeni, ulipopata nguvu. Kuanzia 1932 kazi hiyo ilianza kufanyika Roma kwa mpangilio, na amri ya mwaka 1933 ikataka filamu za nje ziingizwe sauti ndani ya Italia na Waitaliano wenyewe. Watu hupenda kusema Mussolini ndiye aliyebuni kazi ya kuingiza sauti. Hakubuni. Mbinu ilikuwepo, ikitumika Marekani na Ujerumani, na wenye kumbi waliitaka kwa sababu zao za fedha. Serikali ilifunga milango mingine yote na kuuacha huo, kwa sababu ilichukia kusikia lugha za wengine kwenye kumbi zake na ilitaka Kiitaliano kimoja, safi, kisicho na lahaja. Kwa nchi ambayo wengi walizungumza lahaja za kwao nyumbani, hiyo haikuwa amri ndogo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jinsi sauti ya nyumbani inavyoweza kuimeza filamu ya nje. Tunazo tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili, na Kenya ina DJ Afro, msimuliaji wa filamu, ambaye wapo wanaotazama filamu kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mwigizaji. Tofauti ni kwamba kwetu msimuliaji anaongeza utani wake juu ya filamu na kila mtu anajua. Kule Italia kazi ilikuwa kumficha kabisa anayesema, hadi watazamaji waamini nyota wa Marekani anazungumza Kiitaliano cha Roma.

Sasa tuingie kwenye filamu yenyewe.

Bruno ni fundi na dereva wa magari huko Milano. Mariuccia ni msichana anayeuza katika duka la manukato, binti wa dereva teksi mzee anayefanya kazi usiku. Baba anarudi alfajiri, binti anatoka kwenda kazini. Bruno anampenda, anaifuata kwa baiskeli tramu aliyopanda, lile gari la reli la mjini. Marafiki wa msichana wanacheka: mwanamume wa baiskeli! Basi Bruno anachukua gari la bosi bila ruhusa na kujifanya ni lake. Anampeleka Mariuccia nje ya mji kuelekea kwenye maziwa, wanaingia kwenye hoteli ndogo ya njiani, wanacheza muziki, mambo yananoga. Halafu anatokea mke wa mwenye gari, ambaye anataka kurudishwa mjini mara moja. Bruno hawezi kusema chochote. Anamwacha msichana pale akidhani atakwenda na kurudi upesi. Njiani, kwa haraka ile, anapata ajali. Anafukuzwa kazi, na Mariuccia amebaki ugenini bila nauli, akiamini amechezewa.

Kilichobaki ni kuzungukana: kununa, kukutana, wivu, kibarua kipya cha Bruno kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Milano, mwanamume mwenye fedha anayemnyemelea Mariuccia. Mwisho wanapatana wakiwa wamepanda teksi, na dereva aliyekaa mbele akisikiliza posa yote ni baba wa msichana.

Ukisimulia hivi inaonekana ni vichekesho vitupu. Hapa ndipo lilipo suala la aina ya filamu. Mimi naiita komedi-drama, na komedi-drama si filamu yenye nusu ya kucheka na nusu ya kulia zilizounganishwa kwa gundi. Kipimo changu ni rahisi: je, kitu kinachokuchekesha kinaweza kumuumiza mhusika kweli? Katika vichekesho vitupu mtu anaanguka kutoka ghorofani na kujipangusa vumbi. Katika filamu ya Camerini uongo wa gari unachekesha, lakini kazi inayopotea inapotea kweli, tena mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi ulioanza Marekani 1929 ulikuwa umeshafika Ulaya na ajira zikiwa adimu. Msichana aliyeachwa hotelini anachekesha kwa sekunde kadhaa; kisha unakumbuka kwamba kwa jamii ile, binti aliyelala nje ya nyumbani kwao alikuwa na la kujieleza. Camerini hapigi ngoma kukuonyesha huzuni hiyo. Anakaa nayo kidogo, anapita. Wengi waliomwiga baadaye walipita bila kukaa, na ndiyo maana filamu zao zimechuja.

Na sauti? Hapa ndipo ninapompa heshima yake. Kamera za mwanzo za enzi ya sauti zilikuwa na kelele, zikafungiwa ndani ya vibanda. Maikrofoni zilikuwa nzito na zisizochagua, zinashika kila mtu anayekohoa. Matokeo yake waongozaji wengi walijifungia studio na kuwapanga waigizaji karibu na maikrofoni kama wanaosoma taarifa ya habari. Filamu nyingi za 1930 na 1931, za nchi zote, zinachosha kwa sababu hiyo. Camerini alitoka nje. Sehemu kubwa ya filamu yake imepigwa katika mitaa halisi ya Milano, kwenye tramu, barabarani, na kwenye maonyesho yenyewe ya biashara yakiwa yanaendelea. Namna ya kuwezesha hilo ilikuwa kuiacha kamera iende huru kama enzi ya bubu pale ambapo maneno hayahitajiki, na sauti ikafuata baadaye. Kule kumfukuza Mariuccia kwa baiskeli kunaeleweka hata ukiziba masikio. Camerini alijua kwamba kuwa na uwezo wa kusema hakumlazimishi mtu kusema muda wote, jambo ambalo wenzake wengi lilichukua miaka kuwaingia.

Halafu kuna wimbo. Pale kwenye hoteli ndogo De Sica anaimba "Parlami d'amore Mariù", muziki wa Cesare Andrea Bixio na maneno ya Ennio Neri. Bixio ndiye pia aliyekuwa nyuma ya wimbo maarufu wa La canzone dell'amore, "Solo per te, Lucia". Si bahati. Kampuni za filamu ziligundua mapema kwamba wimbo mmoja mzuri unauza tiketi, unauza santuri, unauza karatasi za noti za muziki, na unavuka mpaka ambao mazungumzo hayavuki. Wimbo wa Mariù ulivuka kweli. Ulipata maneno ya Kifaransa, ukaimbwa na mwimbaji Lys Gauty kwa jina la "Le chaland qui passe", ukapendwa Paris kiasi kwamba mwaka 1934 wasambazaji wa filamu ya Jean Vigo, L'Atalante, waliikatakata filamu hiyo, wakaupachika wimbo huo ndani yake na kuibadilisha jina iwe la wimbo. Yaani wimbo wa komedi ya fundi magari wa Milano ulitumika kuharibu filamu ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa bora kabisa za Ufaransa. Bixio hana hatia hapo, lakini inaonyesha nguvu ya wimbo sokoni wakati ule.

Turudi kwenye propaganda, maana hili ndilo linalowasha moto zaidi.

Mussolini alishika madaraka 1922. Mwaka 1924 ilianzishwa taasisi ya LUCE, na filamu zake fupi za habari zikawa lazima kuonyeshwa kwenye kumbi zote. Hizo ni propaganda bila ubishi. Kuhusu filamu za hadithi, serikali kwa miaka mingi ilitumia zaidi kibali na ukaguzi, na sheria ya Juni 1931 ikaongeza msaada wa fedha kwa filamu za nyumbani. Ofisi maalumu ya kuisimamia sinema yote, chini ya Luigi Freddi, ilikuja 1934. Filamu za kuusifu ufashisti waziwazi zipo, kama Camicia nera ya 1933 na Vecchia guardia iliyofuata muda mfupi baadaye. Ukizilinganisha na mamia ya filamu zilizotengenezwa chini ya utawala huo, ni chache. Kwenye hadithi ya Bruno na Mariuccia hakuna hotuba wala gwaride.

Je, basi haina siasa? Hapo nami nakataa. Tazama inavyokwisha. Kijana maskini alijifanya tajiri, akaadhibiwa. Binti maskini alinyemelewa na tajiri, akaponea. Mwisho maskini anaoana na maskini, baba mfanyakazi anabariki, na kila mtu amerudi kwenye nafasi yake akiwa na furaha. Camerini aliurudia mchezo huu wa kubadilisha nguo za tabaka. Katika Darò un milione ya 1935 milionea anajifanya ombaomba, na katika Il signor Max ya 1937 muuza magazeti anajifanya bwana mkubwa. Unaweza kuutazama mchezo huo kama dhihaka kwa wakubwa, na kweli matajiri wake wengi ni watu wa ovyo. Unaweza pia kuutazama kama ujumbe uliowafaa sana watawala: kaa ulipo, ndipo penye raha yako. Na yale maonyesho ya biashara ya Milano, yenye mitambo na mabanda yake, ni tangazo la bure la viwanda vya nchi. Serikali haikuhitaji kuandika hata sentensi moja ya mazungumzo ili ifurahie filamu ya namna hii. Mimi nadhani Camerini alikuwa na jicho la huruma kwa watu wadogo, na nadhani pia huruma hiyo ilikuwa ya aina isiyomtisha mtu yeyote. Yote mawili yanakaa pamoja bila shida.

Agosti 1932 Gli uomini, che mascalzoni... ilionyeshwa kwenye tamasha la kwanza kabisa la filamu la Venezia, lililofanyika kwenye baraza ya hoteli Excelsior, kisiwani Lido. Tamasha hilo nalo lilikuwa na mkono wa utawala nyuma yake. Lakini mwaka ule wa kwanza hapakuwa na jopo la majaji. Watazamaji wenyewe waliulizwa maoni.

"Simu nyeupe" ni jina la mzaha walilopewa vichekesho vya watu wenye nafasi: vyumba vinavyong'aa, magauni ya hariri, na simu nyeupe mezani badala ya ile nyeusi ya kawaida. Wimbi hilo lilishamiri katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na hadithi nyingi zilitoka kwenye michezo ya jukwaani ya Hungaria, zikiwekwa Budapest ili mambo kama talaka na udanganyifu yasionekane yanatokea Italia. Sasa weka hilo kando ya msichana wa duka la manukato anayepanda tramu, na baba anayelala mchana kwa sababu ameendesha teksi usiku kucha. Haviendani. Kuiita filamu hii ya simu nyeupe ni kukosea wakati na kukosea tabaka.

Upande wa pili wapo wanaovuta kamba kupita kiasi: kwamba kwa kuwa Camerini alipiga mitaani na De Sica alikuwepo, basi uhalisia mpya wa baada ya vita, yaani zile filamu za maisha magumu ya watu wa kawaida, ulianzia hapa. Ushawishi unaeleweka. Mwaka 1932 De Sica anafukuza mapenzi kwa baiskeli na kuionea aibu. Mwaka 1948, akiwa mwongozaji wa Ladri di biciclette ("Wezi wa baiskeli"), anamfuata mtu ambaye bila baiskeli hana kazi. Lakini mtaa wa Camerini ni mtaa unaopendeza, wenye jua, ambao tatizo lake kubwa litamalizika kwa posa. Mtaa wa 1948 umetoka kwenye vita na haumalizi lolote. Kati ya hizo mbili kuna miaka 16 na kuna mtu mwingine muhimu, mwandishi Cesare Zavattini. Alishiriki kuandika Darò un milione, filamu ambayo De Sica aliigiza, na ushirika wao ndio uliozaa filamu zilizomletea De Sica jina la kudumu. De Sica alianza kuongoza 1940 na Rose scarlatte, nayo ilikuwa komedi nyepesi. Alifika kwenye uhalisia kwa hatua, na hatua za mwanzo alizipiga mbele ya kamera ya Camerini.

Kwa anayetaka kuzitazama, ningeanza na hii ya 1932, kisha Il signor Max, ndipo niende kwenye chochote cha simu nyeupe ili tofauti ijionyeshe yenyewe. Na uangalie mwaka kabla ya kubofya, maana hadithi ya Bruno na Mariuccia ilitengenezwa upya mwaka 1953 kwa jina lilelile. Ya kutafuta ni ile yenye De Sica.